Faili la Mtindo Halipatikani: Barua za Pwani ya Tungi na Safari Yake Kwenye Kompyuta

Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa uzamili alibisha hodi mlangoni pangu akiwa na kompyuta mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mwalimu, kompyuta inasema faili halipo." Nikamuuliza ni faili lipi. "Sijui, Mwalimu. Nilibonyeza tu Enter mpaka likanyamaza."

Alichokuwa nacho ni matini ya barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu katika pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mwalimu mmoja aliichapa katika miaka ya 1990 kwa kutumia programu ya LaTeX, akaweka kila herufi na kila alama ya irabu kama alivyosomewa na mzee mmoja mwenyeji wa upande wa Palma. Mwalimu huyo amekwisha kustaafu, na mzee aliyemsomea amefariki. Kilichobaki ni faili moja, lililohamishwa kutoka diski hadi diski, pamoja na kurasa chache za fotokopi katika kabati.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya barua za namna hiyo, historia ya kitu kiitwacho faili la mtindo, na yaliyotupata tulipojaribu kuvikutanisha tena. Yamekusudiwa walimu na wanafunzi wa lugha, si wataalamu wa kompyuta. Hoja yake ni moja: faili la mtindo si pambo la matini. Mara nyingi limebeba uamuzi wa jinsi matini inavyosomwa, na likipotea, sehemu ya usomaji hupotea nalo.

Afungi na ghuba ya Tungi

Siku hizi jina la Afungi husikika zaidi katika habari za gesi. Gesi asilia iligunduliwa katika bahari ya eneo hilo mwaka 2010, na rasi ya Afungi, wilayani Palma, ikachaguliwa kuwa mahali pa kujenga mitambo ya kuisindika. Wanakijiji wa Quitupo walihamishiwa Quitunda. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, maelfu ya watu wakakimbia makwao, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha shughuli za mradi.

Lakini eneo hilo lina historia ndefu ya maandishi. Afungi iko kusini mwa ghuba ya Palma, ambayo katika vitabu vya zamani huitwa ghuba ya Tungi, na Wareno waliandika Tungue. Hapo palikuwa na usultani wa Tungi, uliodaiwa na Wareno waliokuwa Ibo na Msumbiji kwa upande mmoja, na watawala wa Unguja kwa upande wa pili. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, pwani iliyotambuliwa kuwa ya Sultani wa Unguja ilianzia mdomo wa mto Minengani, katika ghuba ya Tungi, hadi Kipini. Wareno hawakukubali. Februari 1887 walitumia manowari zao kuitwaa ghuba hiyo kwa nguvu. Mwaka 1894 Wajerumani nao walichukua Kionga, kaskazini kidogo ya hapo, na Wareno wakairudisha mikononi mwao mwaka 1916.

Katika mivutano ya namna hiyo barua ni silaha na pia ushahidi. Watawala wa pwani, masheikh na wafanyabiashara waliandikiana wao kwa wao, na waliwaandikia maofisa wa Kireno. Waliandika kwa hati ya Kiarabu, na mara nyingi lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili, ambacho mahali pengine kilichanganyika na lugha za huko kama Kimwani. Nyaraka nyingi za karne ya 19 za aina hiyo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo, na mwanahistoria Liazzat Bonate ameonesha katika tafiti zake jinsi matumizi ya hati hiyo yalivyoenea kaskazini mwa Msumbiji. Jambo hilo lisitushangaze. Barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, zinaonesha kwamba kuwaandikia Wareno kwa lugha yetu na kwa hati hiyo ni desturi iliyotangulia karne ya 19 kwa muda mrefu.

Mtindo kabla ya kompyuta

Hati ya Kiarabu haikuundwa kwa ajili ya Kiswahili. Ina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Haina herufi ya asili ya p, ch, v wala g. Waandishi wa pwani walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutumia herufi iliyo karibu, kwa mfano kuandika b mahali pa p, na kumwachia msomaji ajue. Ya pili ilikuwa kuongeza nukta na alama mpya. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na aliyefanya kazi na mmisionari W. E. Taylor, alihusika na juhudi za kuongeza alama. Baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, naye alipendekeza utaratibu wa kuiandika lugha yetu kwa hati hiyo bila utata.

Ugumu wenyewe unaonekana katika mfano mdogo. Mwandishi akiandika p na t peke yake, bila alama za irabu na bila herufi za kurefusha, msomaji anaweza kusoma pata, pita, peta au pota. Hivyo ni vitenzi vinne tofauti. Ikiwa p imeandikwa kwa b, uwezekano unaongezeka. Sultani anayemwandikia gavana kwamba watu wake "wamepita" mahali fulani hasemi sawa na anayesema kwamba "wamepata". Msomaji wa wakati ule hakutatizika, kwa sababu alimjua mwandishi, alilijua jambo lenyewe, na aliizoea hati ya mahali pale. Kwa maneno mengine, kanuni za mtindo zilikuwa kichwani mwake. Barua ilisafiri bila kanuni hizo kwa kuwa ziliwahi kufika kabla yake.

Hati ya Kilatini nayo ilikuja na mitindo yake. Huku kwetu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tahajia moja ikasimamiwa. Ng'ambo ya Ruvuma tahajia ilifuata Kireno: Kionga ikawa Quionga, Kisanga ikawa Quissanga. Tahajia za lugha za Msumbiji, Kimwani kikiwemo, zilianza kusanifiwa kwa pamoja katika semina iliyofanyika mwaka 1988 chini ya kituo cha NELIMO cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Kwa hiyo mtafiti wa pwani ya Tungi hukutana na mitindo mitatu katika faili moja: hati ya Kiarabu, Kilatini cha Kireno na Kilatini chetu.

Faili la mtindo lilizaliwaje

Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake na hakuridhika na sura ya chapa yake. Akaamua kutunga programu ya kupanga kurasa, akaiita TeX. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga juu yake mfumo wa LaTeX, na mwongozo wake ukatoka mwaka 1986. Wazo la Lamport lilikuwa rahisi: mwandishi aandike maneno yake na kutaja kila sehemu ni nini, yaani kichwa, aya au tanbihi. Namna ya kuonekana ikae katika faili jingine, faili la mtindo, ambalo jina lake huishia kwa .sty.

Utengano huo una faida kubwa. Matini moja inaweza kubadilishwa sura kwa kubadilisha mstari mmoja. Hasara yake ni kwamba matini peke yake haijakamilika. Inataja kwa jina kitu ambacho hakimo ndani yake.

Kwa upande wa hati ya Kiarabu, Klaus Lagally wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, alitoa kifurushi cha ArabTeX mwaka 1992. Kibodi nyingi za wakati ule hazikuwa na herufi za Kiarabu, hivyo mtumiaji aliandika kwa herufi za Kilatini na vialama, na programu ikazigeuza. Kwa mfano, sauti ya sh iliandikwa kwa s iliyotanguliwa na alama ^, na kh kwa h iliyotanguliwa na mstari wa chini. Palikuwa na amri ya kuonesha irabu zote, na nyingine ya kuziondoa. Kwa ajili ya lugha za Afrika zinazotumia Kilatini chenye herufi za ziada, Jörg Knappen naye alitengeneza fonti ziitwazo fc. Vifurushi hivi vyote vilikusanywa katika hazina ya pamoja iitwayo CTAN, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu 1996 vimekuwa vikisambazwa pia kama mkusanyiko wa TeX Live.

Kwa nini faili hukosekana

Ujumbe aliouona mwanafunzi wetu, ambao hakuusoma, ulikuwa huu: File `arabtex.sty' not found. Maana yake ni kwamba faili hilo halikupatikana. Chini yake programu huomba jina jingine la faili. Kubonyeza Enter mara kwa mara hakusaidii. Ni afadhali kuandika X ili itoke, kisha kufungua faili la kumbukumbu linaloishia kwa.log na kusoma kosa la kwanza. Kosa la kwanza ndilo lenye maana. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Sababu za faili kukosekana si nyingi.

Kwanza, kifurushi hakikuwekwa kwenye kompyuta. Mikusanyiko midogo huacha nje lugha ambazo wengi hawazitumii, na Kiarabu huwa miongoni mwake. Andika kpsewhich arabtex.sty katika dirisha la amri. Ikiwa faili lipo, utaoneshwa njia yake. Ikiwa halipo, hutaoneshwa kitu. Katika TeX Live programu ya tlmgr huweza kutafuta ni kifurushi gani chenye faili hilo na kukisakinisha. MiKTeX, inayotumiwa sana katika Windows, huweza kukileta yenyewe ikiwa intaneti ipo.

Pili, jina limeandikwa vingine. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, lakini Linux inajali. ArabTeX.sty na arabtex.sty ni mafaili mawili kwake.

Tatu, jina limebadilika kwa sababu ya historia. Mifumo ya zamani ilikubali majina yasiyozidi herufi nane. Ndiyo maana faili la Kireno katika kifurushi cha babel liliitwa portuges, bila u ya pili. Vilevile hati iliyoanza kwa amri \documentstyle ni ya kabla ya mwaka 1994, toleo la LaTeX2e lilipoleta \documentclass na kutenganisha mafaili ya .cls na ya .sty.

Nne, faili lipo lakini limewekwa mahali ambapo programu haitafuti. Liweke katika folda moja na matini yako, au katika folda yako ya texmf, ndani ya tex kisha latex. Ukiliweka katika folda za mfumo mzima, endesha mktexlsr ili orodha isasishwe.

Tano, umepakua chanzo tu, yaani mafaili ya .dtx na .ins. Endesha LaTeX juu ya faili la .ins, nalo litatoa .sty.

Sita, faili halikuwahi kuwa mahali pengine popote isipokuwa kwenye kompyuta ya mwandishi. Sababu hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyotukuta.

Dawa iliyozidisha ugonjwa

Kabla ya kuja kwangu, mwanafunzi alikuwa amejaribu dawa inayojulikana kwa wengi: aliweka alama ya asilimia mbele ya mstari uliolalamikiwa ili programu iuruke. Ujumbe ule ukatoweka. Badala yake programu ikadai kwamba haizijui amri za Kiarabu, naye akazifuta, pamoja na ile ya kuonesha irabu. Hapo ikadai kwamba alama ya dola imekosekana, kwa sababu ile ^ na ule mstari wa chini, nje ya ArabTeX, hufahamika kama alama za hisabati. Akafuta na hizo pia. Mwishowe ukurasa ukatoka bila kosa hata moja. Ulikuwa na mistari ya Kilatini ambamo sh imekuwa s, kh imekuwa h, na barua nzima haisomeki wala haiaminiki.

Kwa bahati alikuwa amehifadhi nakala ya asili. Tulianza upya. ArabTeX tuliipata CTAN, tukaisakinisha, kosa la kwanza likaondoka. Ndipo likatokea la pili: faili liitwalo herufi.sty halikupatikana. Tulilitafuta CTAN tukalikosa. Tukatambua kwamba mwalimu aliyechapa barua ile alilitunga mwenyewe, kwa sababu kifurushi cha Kiarabu hakikumtosha kwa irabu za e na o za Kiswahili. Tulimpigia simu. Alikumbuka kwamba aliliandika, lakini kompyuta aliyoitumia ilikwisha tupwa zamani.

Tukafanya kazi ya kurudi nyuma. Tuliorodhesha amri zote ambazo LaTeX haikuzijua, zikawa tano. Tukalinganisha mahali zilipotumika na zile kurasa za fotokopi. Amri mbili zilionekana wazi: moja iliandika alama ya e, nyingine ya o. Ya tatu iliweka nukta tatu juu ya herufi ambayo mwandishi wa barua aliiandika bila nukta. Ya nne ilitia mabano ya mraba palipotoboka karatasi. Hizo nne tuliziandika upya katika herufi.sty mpya, kila moja ikiwa na maelezo yake.

Amri ya tano iliitwa \mz. Imezunguka maneno matatu katika barua nzima, na katika fotokopi maneno hayo hayana tofauti yoyote na mengine. Labda ni kifupi cha "mzee", yaani neno limesomwa hivyo kwa kauli ya mzee wa Palma. Labda ni kitu kingine. Mwalimu mwenyewe, tulipomuuliza, alisema hakumbuki. Moja ya maneno hayo matatu ni kitenzi chenye p na t tulichokitaja juu, na katika barua inayohusu mipaka neno hilo lina uzito wake. Mwanafunzi alipendekeza tuifanye amri hiyo isiandike kitu, ili ukurasa uwe safi. Nilimkatalia. Tumeifanya iandike nyota ndogo pembeni, na katika tanbihi tumesema kwamba mhariri wa kwanza aliweka alama hapa kwa sababu isiyojulikana sasa.

Tuliyojifunza

Siku hizi njia ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Usimbaji wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, umeipa kila herufi namba yake, na XeTeX ya Jonathan Kew, iliyotoka mwaka 2004, huisoma hati ya Kiarabu moja kwa moja. Kifurushi cha arabxetex cha François Charette huelewa pia maandishi yaliyofuata kanuni za ArabTeX, hivyo kazi za zamani zinaweza kuhamishwa. Zana za Andika! za Kevin Donnelly zimetengenezwa mahsusi kwa ajili ya Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Lakini hakuna zana itakayojua maana ya amri aliyoitunga mtu mmoja na kuiacha bila maelezo.

Kwa hiyo tunawashauri walimu na wanafunzi wafanye mambo manne. Weka \listfiles mwanzoni mwa hati, ili orodha ya mafaili yote yaliyotumika iandikwe mwishoni mwa faili la kumbukumbu. Faili lolote ulilolitunga mwenyewe liweke katika folda moja na matini, au lipachike ndani ya matini kwa mazingira ya filecontents. Andika kando ya kila amri, kwa Kiswahili cha kawaida, inafanya nini na kwa nini uliihitaji. Hatimaye hifadhi nakala ya PDF pamoja na karatasi moja iliyochapwa. Sisi tuliokolewa na fotokopi.

Hitimisho

Msomaji wa barua ya Tungi katika karne ya 19 alikuwa na mtindo wake kichwani. Wasomaji wa aina hiyo wamepungua, na wale wa Palma na vijiji vya Afungi wametawanywa na misukosuko ya miaka ya karibuni. Tunapokaa na mzee mmoja na kuandika alivyosoma, faili letu linachukua nafasi ya kichwa chake. Yatupasa tulifunge kwa uangalifu kabla ya kulipeleka kokote.

Barua ile sasa inachapika bila kosa, ikiwa na nyota zake tatu. Yeyote miongoni mwa wasomaji wetu aliyewahi kufanya kazi na matini za pwani hiyo katika miaka ya 1990, na ambaye katika diski zake za zamani lipo faili liitwalo herufi.sty, tunamwomba asilifute. Atuletee idarani.